Sistimu Imekataa

Shangazi yangu huuza omena. Huzinunua ufuoni, upande wa Mbita au Homa Bay mjini, huzipakia kwenye matatu inayopitia Rodi Kopany, na huziuza katika masoko ya barabarani hadi Rongo. Mambo yakiwa mazuri hufika Migori. Siku moja ya mvua mwaka jana alifika soko moja, ambalo sitalitaja, akiwa na magunia mawili. La kwanza lilikuwa sawa. La pili lilikuwa limenyeshewa kabla omena hazijakauka vizuri, na omena iliyonyeshewa haina mteja wa kupika. Inauzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Kijana wa ushuru alikuja na mashine yake mkononi.

“Magunia mawili, mama.”

“Hili moja limeharibika, kijana wangu. Fungua uone.”

“Naona, mama. Lakini hapa hakuna mahali pa kuandika limeharibika. Nikijaribu kupunguza, sistimu inakataa.”

Akalipa shilingi 50 kwa kila gunia. Hakuwa na pesa kwenye simu, kwa hivyo akakopa Fuliza. Kwa maneno mengine, alilipa ushuru wa bidhaa iliyooza kwa pesa ya mkopo.

Aliponisimulia jioni kwa simu hakuwa na hasira. Aliuliza swali moja tu. “Wewe si unafanya kazi ya kompyuta huko Nairobi? Huyu Sistimu ni nani?”

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Kwa miaka mitatu nimefanya kazi katika kampuni ndogo inayowawekea wateja wa serikali programu za kukusanya mapato. Sistimu iliyomkatalia shangazi hatukuitengeneza sisi, lakini tumetengeneza dada zake, na niliitambua jinsi unavyotambua mwandiko wa mtu mliyesoma naye darasa moja. Programu za kodi za siku hizi haziandikwi upya kwa kila serikali. Zinakuja kama duka lenye rafu tupu. Ndani mna majedwali: aina ya ada, kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, nani amesamehewa, faini ni ngapi na inaanza baada ya siku ngapi. Kazi ya mtu kama mimi ni kuchukua Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka, kufungua kurasa za mwisho zenye orodha ya viwango, na kuzijaza zile rafu. Tunaita hiyo kazi mipangilio.

Faida zake zipo, na si ndogo. Aprili 1, 2020, wakati wa korona, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Januari 1, 2021 ikairudisha 16. Mara mbili ndani ya miezi tisa, mashine za risiti madukani zilibidi zipangwe upya. Pale ambapo kiwango cha kodi ni namba tu ndani ya jedwali, hiyo ni kazi ya dakika tano. Pale ambapo kimefukiwa ndani ya programu yenyewe, unamsubiri fundi, na fundi ana foleni. Ndiyo maana mwelekeo ni huo huo nchi nzima. KRA ilituhamisha kutoka fomu za karatasi hadi iTax, kisha ikaleta eTIMS, na tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi. Kaunti nazo zinafuata njia hiyo hiyo, mpaka kwa mama mboga.

Na sitaki kusema zamani kulikuwa bora. Tangu 2013, kaunti ziliporithi kazi ya mabaraza ya miji, tulirithi pia jina la wakusanyaji wake: hadi leo tunawaita kanjo. Tulirithi na vitabu vyao vya tiketi. Kila mtu aliyekulia karibu na soko anajua kitabu cha tiketi kilivyofanya kazi. Unatoa hamsini, unaandikiwa ishirini, na thelathini inabaki mfukoni mwa mtu. Au huandikiwi kitu, unaambiwa “sawa mama, endelea,” na nyote wawili mnaondoka mkiwa mmefurahi. Anayelia ni zahanati isiyo na dawa, na yeye hayuko sokoni siku hiyo.

Kwa hiyo nilipoanza kazi hii niliiamini. Bado naiamini, nusu.

Nieleze kuhusu kisanduku. Katika programu tunayotumia kuna kisanduku kidogo cha msamaha. Kikiwa wazi, mkusanyaji anaweza kupunguza au kufuta ada papo hapo, kwa masharti mawili: aandike sababu, na jina lake libaki kwenye rekodi. Programu inakuja kisanduku hicho kikiwa wazi. Katika kikao kimoja na mteja, mtu aliuliza, “Hiki si kitatumiwa vibaya?” Sote tukaitikia kwa kichwa. Bosi akaniangalia. Nikakifunga. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili, na nilitoka kwenye kile kikao nikijiona mtu mwadilifu. Niliona nimeziba tundu la panya.

Baada ya ile simu ya shangazi nilisafiri nyumbani Krismasi, nikamuuliza enzi za vitabu zilikuwaje kwake. Nilitaka, nadhani, aniambie kwamba mashine ni afadhali.

“Yule kijana wa kitabu,” akasema, “alinisamehe siku moja, akaniibia siku tano.”

Nikapumua. Lakini hakuwa amemaliza.

“Ile siku moja ilikuwa siku ya kwanza kurudi sokoni baada ya kumzika mzee. Alipita mbele ya meza yangu kama hajaniona. Hiyo siku sitaisahau.”

Hapa ndipo swali lilipo, na si swali la kompyuta. Kwa yule kijana wa kitabu, huruma na wizi vilipitia mlango mmoja: uwezo wake wa kuamua, pale pale, nani alipe nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza sababu ya kumwachia mjane, kama ambavyo hakuna aliyemuuliza sababu ya kuandika ishirini badala ya hamsini. Ukifunga mlango unawazuia wezi, na unamzuia pia yule mtu aliyepita mbele ya meza ya mjane kama hajamwona. Je, ni halali kumtoa mmoja ili kumzuia mwingine? Na nani amenipa mimi, kijana wa laptop, haki ya kujibu swali hilo kwa sekunde mbili?

Watu wamelifikiria jambo hili muda mrefu kabla yetu. Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, alisema kwamba sheria husema kwa ujumla ilhali maisha huja moja moja, na kwa hiyo haki inahitaji kitu cha kuirekebisha sheria pale ujumla wake unapokosea. Alitoa mfano wa waashi wa Lesbos, waliotumia rula ya madini ya risasi inayopinda kufuata umbo la jiwe. Nimeupenda mfano huo tangu chuo. Lakini soko limenifundisha kuuliza swali ambalo mfano wenyewe hauulizi: rula imeshikwa na nani? Rula inayopinda, mkononi mwa kanjo mwenye njaa, hupinda kuelekea kwa mwenye chochote cha kutoa.

Kuna jibu lingine, na limejificha ndani ya neno letu wenyewe. Ushuru, ambao Dholuo inauita osuru, unatokana na Kiarabu ushr, yaani sehemu ya kumi. Katika sheria ya zaka ya Kiislamu, mazao yanayonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Yale ambayo mkulima ameyanywesha kwa kazi na gharama yake hutolewa nusu ya hiyo, sehemu moja ya ishirini. Angalia kilichofanyika hapo. Mkusanyaji haachiwi kuamua kama mkulima huyu anastahili huruma. Jasho la mkulima limehesabiwa ndani ya kanuni, wazi, kabla ya mavuno, na kila mtu anaijua. Huruma imetolewa mkononi mwa mtu ikawekwa mahali ambapo haiwezi kuuzwa.

Hiyo, kwa lugha ya kazi yangu, ni mipangilio. Safu mbili kwenye jedwali.

Kwa hiyo anayesema “mashine haina huruma” anaisingizia mashine. Programu ninayoijaza ina nafasi ya tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha kwa kila ada. Uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili zipate kuzaana. Miezi hiyo minne wanawake wanaouza omena wanakaa kwenye meza zenye nusu ya mzigo, au mzigo wa bei ghali uliotoka nchi jirani, lakini ada ya meza ya kila siku ni ile ile. Kuandika ada inayoshuka Aprili na kupanda Agosti ni kazi ya dakika kumi. Kuongeza “gunia lililoharibika” kwenye orodha ya aina za mizigo ni kazi ya dakika mbili. Nafasi ipo. Hakuna aliyeiomba ijazwe, kwa sababu walioketi kwenye kikao chetu hawajawahi kuanika omena wingu likija.

Na hapo ndipo kijana wa mashine anaposema jambo la hatari bila kujua. Anaposema “sistimu inakataa” anasema ukweli kwa upande wake, hana uwezo. Lakini sentensi hiyo inafunika watu. Inamfunika aliyeandika kiwango, aliyekipitisha, aliyekiingiza, na aliyefunga kisanduku. Inafanya uamuzi wa watu uonekane kama hali ya hewa.

Huku kwetu tumewahi kusikia sentensi ya namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walitoza kodi ya nyumba, na 1910 wakaongeza kodi ya kichwa. Kodi ya nyumba ilikuwa mpangilio rahisi kuliko yote: hesabu paa, zidisha kwa kiwango. Lakini katika boma la Mjaluo kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipia paa tatu, na nyumba ya mjane ilihesabiwa kama nyumba nyingine yoyote. Hawakuhesabu utajiri. Walihesabu kile ambacho karani angeweza kukiona akiwa amesimama njiani. Gunia ni gunia, nyumba ni nyumba.

Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association. Miongoni mwa madai yao ilikuwa kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe. Vuguvugu lao lilijulikana kwa maneno mawili ya Dholuo: Piny Owacho. Piny ni neno pana, ni ardhi, ni nchi, na hata serikali. Owacho ni imesema. Nchi imesema. Mwaka 1923, chini ya ushawishi wa mmishonari Askidikoni Owen, chama kikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na makali yake mengi yakapungua. Lakini jina hilo jipya bado linanifundisha kitu. Chama cha ustawi wa walipa kodi: watu wanaokubali kulipa, na ambao kwa sababu wanalipa, wanadai kusikika. Miaka mia moja baadaye shangazi yangu analipa bila kukosa siku hata moja, na anachosikia si piny owacho. Ni sistimu owacho.

Kama unadhani natia chumvi, tazama Uholanzi. Huko idara ya kodi ndiyo iliyokuwa ikilipa ruzuku ya malezi ya watoto. Kwa miaka, maelfu kwa maelfu ya wazazi waliitwa walaghai, wengine kwa kosa dogo la fomu, wakadaiwa kurudisha ruzuku yote, si ile sehemu iliyokosewa. Programu ya kuchagua nani achunguzwe ilihesabu uraia wa kigeni kuwa dalili ya hatari. Familia zilifilisika. Januari 2021 serikali nzima ya Mark Rutte ilijiuzulu. Hiyo ni nchi tajiri, yenye intaneti isiyokatika na mahakama zinazofanya kazi. Kilichokosekana ni mahali pa kuandika: subiri, huyu si mwizi.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonitia aibu. Niliporudi Nairobi baada ya Krismasi nilifungua Katiba ya 2010, kitu ambacho sikuwahi kufanya kwa ajili ya kazi. Kifungu cha 210 kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Nilijua hivyo kwa mbali. Sikujua kinachofuata: pale ambapo sheria inaruhusu msamaha, rekodi ya kila msamaha itunzwe kwa umma pamoja na sababu yake, na kila msamaha na sababu yake viripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu.

Nilisoma mara mbili. Sababu. Rekodi. Kilikuwa ni kisanduku changu. Waandishi wa Katiba walijua kuhusu wezi, walijua kuliko sisi, na hawakufunga mlango. Waliweka taa juu yake.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba kifungu hicho kinawazungumzia wakubwa, kampuni zinazosamehewa mamilioni, si gunia la omena. Inawezekana. Lakini tazama matokeo ya jibu hilo. Kampuni yenye wakili inaweza kuandika barua, ikapata kikao, ikasamehewa kwa utaratibu. Mwanamke mwenye gunia lililonyeshewa amebaki na mtu mmoja tu wa kumsikiliza, kijana wa mashine, na huyo tumemkata ulimi. Tukiondoa uamuzi chini na kuuacha juu, hatujaondoa upendeleo. Tumeupandisha ngazi.

Na kuna jambo ambalo shangazi haoni kwenye ile mashine, nami naliona. Kila kaunti ina sistimu yake. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa kaunti popote Kenya anaweza kulipa huku, akafika kule na risiti yake kwenye simu, akaambiwa haisomeki. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 209, inasema uwezo wa kaunti kutoza kodi usitumiwe kwa njia inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka yake. Kuziunganisha sistimu mbili ili zitambuane ni kazi ninayoijua. Si rahisi, lakini si muujiza. Haifanywi kwa sababu kila mmoja anaona mapato yake, na hakuna jedwali linaloona mtu mmoja akitembea na mzigo kutoka Rodi hadi Rongo.

Ninachoamini sasa ni hiki. Nisingependa shangazi arudishwe kwa kijana wa kitabu, hata kwa ajili ya ile siku moja. Huruma inayotegemea kwamba mkusanyaji ameamka vizuri haitoshi kuwa haki, ni bahati. Lakini anayeichukua huruma hiyo kutoka mkononi mwa mtu ana deni la kuiweka mahali pengine: kwenye orodha ya viwango, kwenye tarehe, kwenye kisanduku chenye sababu na jina. Asipofanya hivyo, hajatengeneza mfumo wa haki. Ameokoa pesa kwa kuwanyamazisha watu, kisha akaiita hiyo uwazi.

Deni hilo si langu peke yangu. Juni 2024 kizazi chetu kiliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Tuliufafanua kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Sheng, kwenye TikTok na kwenye matatu. Vijana waliuawa Juni 25, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Tulijifunza kusoma sheria kabla haijapita. Lakini baada ya sheria kupita kuna hatua moja zaidi ambayo hakuna anayeiangalia: mtu anaketi mbele ya kompyuta na kuiingiza. Akikosea safu, sheria imebadilika. Akifunga kisanduku, sheria imebadilika. Huyo ndiye mbunge wa mwisho, na hakuna aliyempigia kura. Kiwango kilichomo kwenye mashine ya kanjo kinapaswa kubandikwa ukutani sokoni, kwa lugha ya soko, pamoja na misamaha yake na mahali pa kupeleka malalamiko. Kama tuliweza kusoma mswada mzima, tunaweza kusoma ukuta mmoja.

Nilimwandikia bosi, nikaomba tumshauri mteja afungue kisanduku, na kila mwisho wa mwezi orodha ya misamaha ichapishwe. Nilinukuu Kifungu cha 210. Alinijibu kwa upole kwamba hoja ni nzuri na tutaiangalia mwaka mpya wa fedha ukianza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpaka ninapoandika haya, kisanduku kimefungwa, na nenosiri la kukifungua ninalo mimi. Siwezi kulitumia bila idhini. Nikilitumia kwa siri nitakuwa yule kijana wa kitabu, mwenye moyo mzuri, siku moja kati ya sita.

Shangazi nilimpigia wiki iliyopita. Nilimwambia nimelipata jibu la swali lake.

“Sistimu ni mimi, shangazi. Mimi na wengine kama mimi.”

Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga mabati, na mtu akiita watu wakusanye omena kutoka kwenye nyavu.

“Basi afadhali,” akasema. “Nilidhani hana shangazi.”